Kibuyu Kilichokwenda Kisumu

Kwa miaka saba nilikunywa maziwa ya mtu mwingine. Sikuyaiba. Nililetewa mlangoni kwa kikombe cha bati, na aliyeyaleta alisimama hapo hapo akinitazama mpaka nimalize, kwa sababu kikombe kilikuwa kimoja na milango ilikuwa mingi.

Aliyeyaleta ndiye mwenye ploti niliyopanga kule Kapsoya, Eldoret. Sote tulimwita Mama, wazee kwa vijana, hata yule mpangaji wa nambari sita aliyekuwa na mvi kumshinda. Ploti yenyewe ni mistari miwili ya vyumba vinavyotazamana, kamba za nguo katikati, nyumba yake ya mawe upande wa ndani, na geti jeusi lenye kidirisha cha kuchungulia. Geti hilo hakuna aliyelifungua ila yeye. Ukichelewa kazini ulibisha, ukasikia malapa yake yanakuja polepole, kisha jicho kwenye kidirisha, kisha swali. "Ni wewe?" Hata akikuona ni wewe, aliuliza.

Maziwa hayo yalikuwa mursik. Kibuyu kirefu husafishwa, kikasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet mpaka kinukie moshi, ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakamiminwa humo, yakafungwa, yakaachwa siku kadhaa. Yanatoka mazito, yenye rangi ya majivu na ukali unaokaza taya. Kwa watu wa kwao Mama, mtu akirudi kutoka safari ya mbali husimamishwa nje kwanza, akapewa anywe, ndipo aingie. Wakimbiaji wetu wakishuka ndege na medali zao, hakosi mama mmoja na kibuyu chake pale uwanjani. Mama alikuwa na kibuyu alichokitenga, chenye mkanda wa ngozi ulioshonwa shanga, na kilikuwa cha mwanawe wa pekee. Mwana huyo alikwenda Marekani kukimbia na kusoma. Akaacha kukimbia, akamaliza kusoma, akabaki huko.

Sasa mursik haitengenezwi mtu akiwa tayari amebisha hodi. Na mwana hakuwa anataja siku. Kwa hiyo Mama aliamua kibuyu kisikae kitupu hata wiki moja. Maziwa yakiiva na mwana hajafika, tunayanywa sisi wapangaji, naye anaanza upya. Hakuwahi kutuambia ni zawadi. Alisema tu, "Saidieni hii isiharibike."

Mara yangu ya kwanza niliona vidoa vyeusi vikielea nikadhani kikombe hakikuoshwa.

"Unatafuta nini huko ndani?" aliniuliza.

"Kuna kitu nyeusi, Mama."

"Hiyo nyeusi ndiyo dawa. Kunywa, Nyeri."

Mimi si wa Nyeri. Mimi ni wa Murang'a, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na pengine ya mia. "Si ni hapo tu," alinijibu. Alikuwa na desturi ya kuwaita watu kwa kwao. Palikuwa na Kitale, palikuwa na Busia, na kijana mmoja aliyehamia kutoka Huruma, hapo hapo mjini, naye akawa Huruma mpaka alipooa na kuondoka. Niliudhika mwaka mzima. Halafu nikaugua taifodi, akaja mlangoni na sufuria ya uji, akanigombeza kwa kunywa maji ya bomba bila kuchemsha, akanigombeza kwa kukonda, akanigombeza kwa kukaa bila mtu wa kuniangalia, na katikati ya hayo yote akasema, "Nyeri yangu, lala." Tangu hapo jina hilo nililikubali.

Alikuwa mtu wa kugombeza. Ukianika suruali kwa miguu badala ya kiuno utasikia. Mgeni akikaa sana alipiga miayo kwa sauti ajue, na mgeni huyo akiaga mapema alinuna, akauliza ni nini kimemuuma. Uwanja alifagia mwenyewe kila asubuhi, na alifagia kuelekea ndani, kutoka getini kuja nyumbani kwake, ndipo akazoa takataka pale karibu na mlango wake. Huruma alipojitolea siku moja kumsaidia, akafagia kuelekea nje jinsi watu wote wafagiavyo, Mama alimnyang'anya ufagio. "Unafukuza nani?" alimuuliza. Kijana wa watu akabaki ameshika mikono nyuma.

Usiku aliomba kwa sauti, na kuta zilikuwa nyembamba. Alituombea kwa nambari za vyumba. "Baba, kumbuka nambari sita na hiyo kifua yake. Kumbuka nambari mbili, mtoto apite mtihani." Yangu ilikuwa ileile kila siku. "Kumbuka nambari nne, apate mtu." Nilikuwa nikijifunika blanketi kichwani kwa aibu. Lakini nitasema ukweli: wazazi wangu walikuwa wamekufa, dada yangu wa Thika alipiga simu kukiwa na matanga tu, na katika dunia nzima sikumjua mtu mwingine aliyenitaja mbele za Mungu. Siku alizokuwa na mafua akaomba kimoyomoyo, nilichelewa kupata usingizi.

Mwishoni aliomba kwa ajili ya mwanawe, na hapo aliacha Kiswahili, akaingia lugha yake, sauti ikashuka. Sikuwa nikielewa ila neno moja, Disemba, kwa sababu hilo halina lugha.

Mwana alikuwa mtu wa Disemba. Alipiga simu Jumapili moja moja, na tulijua ni yeye kwa vile Mama alivyokuwa akipaza sauti, kana kwamba Marekani ni ng'ambo ya bonde. Akishakata alitoka nje kututangazia. "Amesema Disemba." Novemba geti lilipakwa rangi. Nambari sita, ambaye alikuwa fundi wa rangi kabla ya kifua kumshinda, alilipaka bure. Disemba ilikuja, wapangaji wakaenda makwao, na mimi niliyekuwa sina kwetu nikabaki na Mama, tukala Krismasi wawili, kuku na chapati, redio ikiimba. Januari alikuwa akisema, "Kazi ya huko haina ruhusa." Hakuna aliyembishia.

Kutoka pale Mama hakuwa akienda popote. Kanisani, sokoni, kilioni kama ni cha karibu, na jioni yuko nyumbani. Jamaa zake wa Kesses walimwalika harusi akatuma kondoo. Nilimuuliza mara moja kama hatamani kuona mahali. Akanitazama kama niliyetoa wazo la kuuza ploti.

"Na mtu akikuja, nani atafungua geti?"

Ndiyo maana ile Jumamosi tuliyokwenda Kisumu bado naikumbuka yote.

Lazima nianze na miwani. Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye duka la miwani mjini, na miwani yake ya zamani, iliyofungwa plasta pande zote mbili, ilinikera macho kwa miaka. Mwishowe nilimburuta dukani akapimwa, nikamtengenezea mpya. Alipoivaa, kitu cha kwanza alichokitazama ni mimi. "Kumbe umezeeka hivi," alisema, akaridhika. Cha pili kilikuwa simu yake. Kwa miaka alikuwa ameitumia kupokea na kukata tu. Sasa aliona herufi, akaona picha, akagundua kwamba watu huweka status, na kila jioni alikaa kwenye kigoda akipitia harusi na mahafali ya watu, akinitajia nani amenona.

Mwanawe naye alikuwa akiweka status. Nadhani hakumficha mama yake kwa sababu alijua haoni.

Ijumaa jioni alibisha mlango wangu simu ikiwa mkononi. "Hii ni wapi?" Picha ilionyesha mwanamume mrefu amesimama juu ya jiwe, mikono ameitandaza, wenzake watatu nyuma yake wakicheka, na chini yao maji mpaka mwisho wa macho. Palikuwa na maneno machache chini yake, na la kwanza lilikuwa Kisumu.

"Ni yeye?" niliuliza, ingawa alikuwa yeye. Picha yake ya kidato cha nne ilitundikwa sebuleni kwa Mama, na masikio ni yale yale.

"Ni ya lini?"

"Ya leo, Mama. Ya leo mchana."

Alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kisumu ni mbali aje na hapa?"

"Masaa matatu hivi. Kupitia Kapsabet."

"Na kutoka Marekani mpaka Kisumu?"

Nikasema ni siku nzima na zaidi, na ndege mbili au tatu.

"Basi amemaliza yote," alisema. "Amebakisha hiyo kidogo."

Nilidhani atalia, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kumwambia. Akainuka, akashukuru, akaenda zake. Ile picha nilikuwa nimeshaipiga kwa simu yangu alipokuwa amekaa, nisijue kwa nini. Usiku huo sikusikia maombi.

Asubuhi alinigongea jua likichomoza. Alikuwa amevaa sweta yake ya kanisa, kitambaa kichwani, na miguuni raba nyeupe ambazo sikuwahi kuziona nje ya sanduku. Mwanawe alizituma miaka mingi nyuma, na alikuwa akizitunza azivae siku ya kumpokea. Begani alibeba kiondo, na ndani ya kiondo, kimefungwa kwa leso, kibuyu cha shanga.

"Vaa viatu. Tunaenda kupokea mtoto."

"Mama, si tumpigie kwanza tujue yuko wapi?"

"Mtu hapigiwi simu ati kuja upokelewe. Mtu anapokelewa."

Ukiwa si mtu wa huku unaweza kumcheka. Lakini yeye alikuwa na hesabu yake. Kama mtoto amefika nchini na hajaonja, basi bado yuko safarini, na kama yeye haji getini, geti litamfuata. Ufunguo alimkabidhi nambari sita kwa maelekezo marefu mpaka mzee wa watu akaketi chini. Nilimpigia msimamizi wangu dukani nikamdanganya kwamba naumwa.

Tulipopita Kapsabet alinionyesha shule aliyosoma, kisha akanyamaza mpaka barabara ilipoanza kuteremka na joto likaingia kupitia madirisha. Ziwa lilipojitokeza kule chini alisema tu, "Kumbe ni kubwa."

Kisumu ilimshinda kwa jua. Hakukubali kuvua sweta. Tulitembea ufuoni, kwenye yale mabanda ya mabati wanakouza samaki wa kukaanga, yeye akiwatazama wanaume mmoja mmoja usoni bila haya, na waliotupa mgongo akiwapita ili ageuke awaone. Mmoja alikuwa mrefu, ana mwendo wa kutupa mguu wa kushoto. "Huyo," Mama alisema, akaanza kukaza mwendo, na kiondo kikimgonga ubavuni. Tulimfuata mpaka nje ya benki. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine kabisa, akatuamkia kwa adabu. "Shikamoo, mathe." Mama akaitikia, akamuuliza kama watu wa kwao hawajambo. Samaki hakula. Alisema inamwangalia. Akala ugali na mboga, nami nikala samaki wangu nikiona aibu.

Alasiri tulipata chumba cha vitanda viwili kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Kibuyu alikiweka mezani, mbali na jua. Alivua raba akazipangusa, akaziweka pamoja chini ya kitanda.

"Nyeri," alisema akiwa amelala chali. "Wewe ukienda kwenu, nani anafungua geti?"

"Hakuna mtu, Mama. Boma iliuzwa."

"Sasa ukienda unaenda wapi?"

"Siendi."

Alifumba macho nikadhani amesinzia. Nilikuwa nikitazama feni ya darini na nilihisi upweke ambao sikuwa nimeuhisi Kapsoya miaka yote hiyo, pengine kwa sababu kule hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jumapili asubuhi, badala ya kanisa, tulirudi ufuoni, na ndipo nilipokumbuka ile picha. Nikamwonyesha mwenye boti mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya majani. Hakuhitaji kuitazama mara mbili.

"Hiyo mawe naijua. Iko juu ya kisiwa. Na hawa nimewabeba mimi, Ijumaa. Huyu mrefu alinunulia watu soda."

Mama alisogea karibu. "Wako wapi?"

"Walienda, mathe. Walisema kesho yake ni ndege. Walikuja mambo ya kazi, wiki moja tu."

Kesho yake ilikuwa jana. Wakati tulipokuwa tukimfuata yule mgeni mpaka benki, mwanawe alikuwa angani. Niliitazama ardhi. Sikutaka kumwona usoni.

"Ulimwona mzima?" Mama aliuliza.

"Mzima kabisa. Anacheka."

"Amenona?"

Mwenye boti alifikiri. "Kiasi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Halafu akashika ukingo wa boti, akainua mguu.

"Mama," nilisema, "ameshaenda."

"Nimesikia. Nataka kuona penye alifika."

Hakuwahi kupanda boti maishani mwake. Alikaa katikati, jaketi la kuokolea limemfika masikioni, kiondo amekipakata kama mtoto, macho ameyafumba mpaka tuliposikia changarawe chini.

Kisiwa kile ni mlima uliokaa majini. Njia inapanda kutoka kwenye nyumba chache za wavuvi, inapita kwenye mawe na vichaka vya miiba, na mbuzi wanakupisha wakitaka. Mama wa nyanda za juu za Uasin Gishu hatishwi na mlima. Mimi ndiye niliyehema. Tulikuwa hata nusu hatujafika raba ya kulia ilipofunua mdomo. Soli yote iliachia, ikawa inapiga chini pa, pa, kila akinyanyua mguu. Baada ya hatua chache ya kushoto nayo ikafuata. Zilikuwa mpya, hazijawahi kukanyaga popote.

Mwenye boti, aliyekuwa akituongoza, alipiga magoti akazikagua. "Hii ilikaa sana kwa boksi, mathe. Kiatu isipovaliwa gundi inakufa."

Mama alizitazama raba zake. Nilingoja. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni mpaka akashika jiwe, na mwenye boti akacheka, na mimi nikacheka. Yule mtu alitoa kamba ya wavu mfukoni, akamfunga soli kwa miguu, mizunguko kadhaa, kama anayefunga mzigo. Akapanda hivyo mpaka juu.

Jiwe lilikuwepo. Lilikuwa jiwe tu, na juu yake mtu alikuwa ameacha kifuniko cha soda. Mama alikiokota akakitia kwenye kiondo. Alilizunguka jiwe, akaangalia maji upande huu na upande ule, akauliza Kapsoya iko wapi. Mwenye boti alinyoosha mkono kuelekea milima iliyokuwa na ukungu. Mama alitazama huko kwa muda.

"Angegeuka hivi angeona," alisema.

Kisha akapanda juu ya jiwe, na viatu vyake vya kamba, na sweta yake, akasimama wima. "Nipige hapo alisimama." Hakutandaza mikono. Nilimpiga picha.

"Nimtumie?" niliuliza.

"Usimtumie. Weka kwa status yangu. Wacha aone mwenyewe."

Nikaiweka kupitia simu yake, bila neno lolote chini. Akashuka, akafungua leso, akatoa kibuyu. Nilijua kwamba hayo hayakuwa ya wapangaji. Yalikuwa yamefunga safari kwa ajili ya mtu mmoja. Alimimina kwenye kifuniko cha kibuyu akampa kwanza mwenye boti, ambaye alinusa, akaniangalia, akanywa yote kwa heshima na jicho moja limefumba. Halafu akanipa mimi.

"Kunywa. Umefika."

Nilikunywa. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu.

Tulipokuwa kwenye boti tukirudi simu yake ilikuwa mikononi mwangu, na nilifungua kuangalia waliotazama. Jina la mwanawe lilikuwa la tatu. Nilimwonyesha. Alilitazama lile jina kupitia miwani niliyomtengenezea mimi, akaiweka simu mapajani, skrini ikiangalia juu, na akaikazia macho hivyo mpaka tukafika Eldoret. Haikulia.

Getini nambari sita alitufungulia. Mimi niliingia moja kwa moja. Nilipogeuka, Mama alikuwa bado nje, amesimama, kiondo chenye kibuyu kitupu begani. Hakuwahi kurudi kutoka safari, na sijui kama mwenyewe alijua anangoja nini. Nilikimbia chumbani, nikakata pakiti ya maziwa ya chai, nikammiminia kikombe, nikamletea. Alikunywa yote pale pale nje, akanirudishia. "Kongoi," alisema, asante ya kwao, na akaingia.

Baada ya Kisumu kibuyu kilitundikwa msumarini, kichwa chini. Wiki ya kwanza tulidhani amechoka. Mwezi ulipoisha tukaelewa, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Novemba geti halikupakwa rangi. Mwana alipopiga alizungumza naye kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliye chumba cha pili, na hakutoka nje kututangazia. Akawa hataki kusikia mtu akitaja mwezi. Fundi wa tangi alipomwambia atakuja mwanzo wa Machi, alimjibu, "Kuja ukija." Uwanja aliendelea kufagia kuelekea ndani, lakini hilo nadhani lilikuwa mkono tu umezoea.

Mwaka uliofuata kazi ilinihamishia Nakuru. Siku ya kuhama hakutoka kuniaga. Nilimwona kupitia pazia lake, na pickup ilipowashwa, pazia likatulia.

Nakuru si mbali. Kila mwezi nilipanga kwenda kumwona, na nikaacha miaka miwili ikapita. Mwaka jana nilitumwa Eldoret kupeleka mashine, nikamaliza mapema, nikachukua boda mpaka Kapsoya. Mji ulikuwa umeshaitwa jiji. Geti lilikuwa limebabuka rangi. Nilibisha, nikasikia malapa, polepole kuliko zamani, kisha jicho kwenye kidirisha, na ile miwani niliyomtengenezea imejaa mikwaruzo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Nyeri."

"Ngoja hapo."

Malapa yakarudi yalikotoka. Nilidhani amesahau ufunguo. Nilingoja juani, mwenye boda akiniangalia. Geti lilipofunguka alikuwa ameshika kibuyu cha shanga kwa mikono miwili.

Nilikunywa nikiwa nje, kama ipasavyo. Yalikuwa yameiva sawasawa.

"Ulijuaje nakuja?"

"Sikujua." Aliniangalia juu mpaka chini. "Umekonda. Ingia."

Tuliketi sebuleni. Nambari sita alikuwa amefariki. Chumba chake kilikuwa na wanafunzi. Nilimwambia hongera kwa jiji. "Jiji gani na maji bado inapotea?" alisema. Nikauliza habari za mwana, kwa sababu nisingeuliza angejua naogopa.

"Alikuja," alisema.

Alikuja bila kutangaza, mwaka ule ule niliohama, akabisha siku ya kazi saa nne asubuhi. Mama alichungulia kidirishani akauliza ni wewe, akasikia ni yeye. Na kibuyu kilikuwa msumarini, kichwa chini, kimekauka. Kwa miaka yote ile hakikuwahi kukaa kitupu wiki moja. Mwana aliikuta ile miezi michache mama yake alipokuwa amechoka.

"Ulifanya nini, Mama?"

"Nilimpa chai. Na mkate. Nilifanya nini tena?" Alikuwa akizungusha kifuniko cha soda vidoleni, kile cha kisiwani, kilikuwa pale mezani kwenye kibakuli cha vifungo. "Aliingia kavu. Akakaa hapo umekaa. Aliniambia ile siku ya Kisumu alikuwa anaogopa. Ati ukikawia sana mlango inakuwa nzito. Nikamwambia mlango ni ile ile. Alikaa siku mbili, akaenda."

Nilisogea nikamshika mkono, akauacha.

"Tangu hiyo siku sijakitundika tena," alisema.

"Sasa ni ya nani, Mama? Hii nimekunywa."

"Ya mwenye atafika."

Gari la Nakuru lilikuwa na saa yake. Alinisindikiza mpaka getini na kunigombeza njiani kwa kuvaa viatu vyembamba. Mwenye boda aliwasha pikipiki. Niligeuka kumuaga, na kwa vile sikutaka aniulize lini, nilisema haraka, "Nitakuja Disemba, Mama."

Neno lilishatoka. Alinitazama kupitia ile mikwaruzo, bila hasira.

"Usitaje mwezi, Nyeri," alisema. "Ukitaja nitahesabu."

Boda ilipofika kona niligeuka. Alikuwa ameshachukua ufagio, anafagia pale nilipokuwa nimesimama, kuelekea ndani.